Nani Anasimama Langoni Karura

Msitu wa Karura una majirani wawili ambao mtu angedhani wanatosha kuulinda. Upande wa Barabara ya Kiambu kuna makao makuu ya misitu ya serikali, zamani Idara ya Misitu na sasa Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Upande wa Gigiri kuna makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 msitu huu ulikatwa vipande kwenye ramani, vipande vikaandikiwa hati, na hati zikaishia mikononi mwa makampuni, huku ofisi hizo mbili zikifungua milango asubuhi na kuifunga jioni kama kawaida.

Naanzia hapo kwa sababu historia ya chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura, ambacho wengi Nairobi wanakijua kwa jina lake la Kiingereza, Friends of Karura Forest, husimuliwa kana kwamba ilianza na profesa mmoja shujaa ikaishia kwenye ushindi. Profesa yumo, na ushujaa umo. Lakini kwa zaidi ya miaka 15 sasa kilichoushika msitu ni kazi isiyopigiwa makofi: kukatisha tiketi, kulipa walinzi mishahara mwisho wa mwezi, kukagua waya wa umeme, kung'oa magugu, na kuhakikisha kwamba kila siku kuna watu wanaotembea humo ndani. Msitu wenye watu una mashahidi. Karura ya 1998 haikuwa nao, na ndiyo sababu wanyakuzi waliipenda.

Karura ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1932. Ina zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, imepakana na Muthaiga, Runda na Gigiri, mitaa ambako ekari moja huuzwa kwa mamilioni mengi ya shilingi, na wakati huohuo iko karibu na mitaa ya mabanda kama Huruma na Githogoro. Barabara ya Limuru inaitenga sehemu ya Sigiria na msitu mkubwa. Vijito vyake hatimaye huingia Mto Nairobi. Kuna maporomoko ya maji, na kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kama maficho. Wakati reli ilipoendeshwa kwa kuni, sehemu kubwa ya miti ya asili ilikatwa ikapandwa mikaratusi, na ndiyo maana hadi leo mgeni huingia Karura akitarajia msitu wa kale, akapokewa na safu za miti ya Australia. Kuna pia tanuri ambalo Benki Kuu ililitumia kuchomea noti chakavu. Anayetaka kucheka kidogo anaweza kusema kwamba serikali ilijua mapema kuwa Karura ni mahali pa pesa.

Wanyakuzi hawakuingia na shoka kwanza. Waliingia na karatasi. Sheria ya Misitu ya wakati huo, Sura ya 385, ilimruhusu waziri kubadili mipaka ya msitu, ila kwa sharti la kuchapisha notisi ya siku 28 katika Gazeti Rasmi la serikali. Njia ya mkato ilikuwa kutoa barua ya ugawaji kabla ya hatua hiyo, au bila hatua hiyo kabisa. Mwenye barua aliiuza kwa mwingine, mwingine akapata hati, na kufikia wakati mwananchi anasikia sauti ya trekta, aliyeko kwenye kiwanja ni mnunuzi wa tatu anayedai kwamba yeye ni mteja asiye na hatia. Mwishoni mwa 1998, Waziri wa Ardhi Katana Ngala aliwasilisha bungeni orodha ya makampuni yaliyogawiwa ardhi ya Karura. Yalikuwa zaidi ya 60. Yalikuwa majina ya makampuni, si ya watu, na wengi waliyaona kuwa makampuni ya mfukoni, ambayo ukiyatafuta unakuta sanduku la posta.

Profesa mwenyewe, Wangari Maathai, alikuwa ameanzisha Vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Alikuwa pia na uzoefu wa vita vya namna hii. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, akatukanwa bungeni, lakini jengo halikujengwa. Karura ilihitaji mbinu nyingine, kwa kuwa huko hakukuwa na mradi mmoja wenye bango moja bali utitiri wa viwanja. Mbinu yake ilikuwa mche. Mtu anayebeba bango polisi humwita mchochezi. Mtu anayebeba mche na ndoo ya maji kuingia katika msitu wa umma, utamshtaki kwa kosa gani? Mwezi Oktoba 1998 waandamanaji, wabunge wakiwemo, waliingia kwenye eneo lililokwisha kufyekwa wakapanda miti, na mitambo ya ujenzi iliyokutwa humo ikateketezwa kwa moto. Jambo hilo la pili halitajwi sana katika hotuba za kumbukumbu. Hasira ilikuwepo, na haikuwa ya wapandaji miti peke yao.

Ijumaa tarehe 8 Januari 1999 ndiyo siku inayokumbukwa zaidi. Wangari alifika langoni na kundi dogo: akina mama wa Green Belt, wabunge wa upinzani, waandishi wa habari na watazamaji wa kigeni. Lengo lilikuwa kupanda mti mmoja. Waliokuwa wakiwasubiri ni wanaume wapatao 200 waliokodiwa, wakiwa na mapanga, marungu, viboko na mawe. Wangari alipigwa kichwani hadi damu ikamwagika. Wenzake nao walijeruhiwa, wabunge wakiwemo. Kamera zilikuwa zinanasa kila kitu. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe, ili hata anayekataa kusoma maneno aone rangi.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alilaani shambulio lile, na mkuu wa UNEP, Klaus Töpfer, naye akapaza sauti. Mwisho wa mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu walimiminika barabarani, wakapambana na polisi siku kadhaa. Mwezi Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kusitisha ugawaji wote wa ardhi ya umma. Hapo ndipo simulizi nyingi huweka nukta.

Lakini tamko la rais halifuti hati. Serikali ilipobadilika, Tume ya Ndung'u iliteuliwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ikakabidhi ripoti mwaka 2004, mwaka uleule ambao Wangari alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ripoti ile ilisema bayana kwamba hati za ardhi ya misitu zilizotolewa kinyume cha sheria ni batili na zifutwe. Karura ilikuwa miongoni mwa mifano yake ya aibu. Msitu ukabaki umesimama, lakini umesimama peke yake. Wakataji haramu waliendelea kuingia usiku. Majambazi waliufanya maficho, na vyombo vya habari viliutaja pale tu maiti ilipookotwa. Mkazi wa Muthaiga aliutazama kupitia ua wake kama chanzo cha wezi, na mama wa Huruma aliyeingia kutafuta kuni aliingia akiomba arudi salama.

Kwa maoni yangu miaka hii ya ukimya ilikuwa ya hatari kuliko ile ya mapanga. Mahali panapoogopwa hapana mtetezi. Ukitaka kunyakua msitu, huhitaji wahuni 200 langoni. Uache tu uwe wa kutisha, na siku moja majirani wenyewe watasema afadhali pajengwe nyumba.

Mlango wa chama ulifunguliwa na sheria mpya. Sheria ya Misitu ya 2005, iliyoanza kutumika 2007, iliunda KFS na kuleta jambo ambalo maofisa wengi wa zamani hawakulizoea: kwamba wanajamii wanaoishi kando ya msitu wanaweza kusajili chama na kutia saini makubaliano na serikali ya kuusimamia kwa pamoja. Sheria ilifikiriwa kwa ajili ya misitu ya Mau, Aberdare na Mlima Kenya, wanakoishi wakulima na wafugaji. Kuitumia katikati ya Nairobi, mahali ambapo "jamii ya msitu" inajumuisha balozi, mwenye duka la mabati na muuza maziwa, hilo lilikuwa jambo geni.

Kati ya 2009 na 2010 ndipo Marafiki wa Msitu wa Karura walipojipanga. Miongoni mwa waasisi alikuwa Alice Macaire, ambaye mumewe Rob alikuwa mwakilishi wa Uingereza nchini wakati huo. Profesa Karanja Njoroge, aliyewahi kuwa mkurugenzi mtendaji wa Green Belt, akawa mwenyekiti, na kwa njia hiyo uzi wa 1999 ukaunganishwa na kazi mpya. Vyama vya wakazi wa mitaa ya jirani viliingia, na Huruma pia.

Kazi ya kwanza ilikuwa ua. Walichanga pesa kutoka kwa makampuni na watu binafsi, wakaanza kuzungushia msitu waya wa umeme. Ua ulizua manung'uniko, na manung'uniko yale yalikuwa na msingi. Aliyezoea kukata njia kutoka Huruma kwenda kazini alijikuta mbele ya nyaya. Wengine waliuliza, kwa haki kabisa, kama msitu uliookolewa kutoka kwa matajiri sasa umefungiwa ndani kwa ajili ya matajiri wengine wenye mbwa na viatu vya kukimbilia. Chama hakikujibu kwa hotuba. Kilijibu kwa ajira: vijana kutoka mitaa ya jirani, hususan Huruma, waliajiriwa na kufunzwa kuwa walinzi wa msitu. Kijana anayezijua njia zote za mficho ndiye anayeweza kumkamata anayezitumia. Wengine walipata kazi kwenye vitalu vya miche na kwenye kung'oa magugu. Sidhani hilo linamaliza swali la tabaka, na nitarudi kwalo, lakini ndilo lililofanya ua usivunjwe usiku wa kwanza.

Mwaka 2011 msitu ulifunguliwa kwa umma, mwananchi akilipa shilingi 100 langoni. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na kwa haraka iliyowashangaza hata waliopanga. Familia zilikuja Jumapili na vyakula vyao. Wakaja wakimbiaji, waendesha baiskeli, mabasi ya shule, maharusi wa kupiga picha, wachumba waliokosa mahali pa kukaa katika jiji ambalo kila kiti kina bei yake. Asiye na shilingi 300 za kahawa mjini aliweza kukaa kutwa nzima kando ya maporomoko kwa shilingi 100. Wangari Maathai aliuona mwanzo huo tu, kwani alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Ndani ya msitu pana kona iliyopewa jina lake.

Tukae kidogo kwenye hiyo shilingi 100, maana ndiyo moyo wa taasisi hii. Pesa za kiingilio zililipa mishahara ya walinzi, zikanunua vipuri vya ua, zikatengeneza njia, zikalipia miche. Mzunguko wenyewe ni rahisi kueleza: usalama ulileta watu, watu walileta pesa, pesa zilinunua usalama zaidi. Afrika Mashariki ina hifadhi nyingi ambazo mzunguko huo hukatika mahali pamoja, pale pesa zinapopelekwa makao makuu na kurudi nusu, au kutorudi. Huko Karura mzunguko haukukatika kwa sababu umbali kati ya tiketi na mshahara ulikuwa mfupi. Mlinzi aliyelipwa kutokana na tiketi yako alikuwa yuleyule aliyekusalimu njiani.

Kazi ya miti ilikwenda polepole, kama inavyostahili. Mikaratusi iliyokomaa ilivunwa kwa awamu, mahali pake pakapandwa miti ya asili: mukinduri, muhugu, muiri na mingine ambayo wazee wa Kiambu wanaijua kwa dawa kabla ya kuijua kwa mbao. Adui mkubwa hakuwa shoka tena bali lantana, kichaka chenye maua ya kupendeza kinachofunika ardhi kiasi kwamba mche wa asili hauoni jua. Kuing'oa ni kazi ya mikono. Ukikata shina bila kutoa mzizi, mvua ikinyesha inarudi, na kibarua anaanza upya palepale. Hakuna mwanasiasa anayekuja kupigwa picha aking'oa lantana. Wote huja kupanda.

Halafu wakarudishwa mbega. Hawa ni kima weusi wenye manyoya marefu meupe ubavuni na mkia mrefu wa singa. Katika Kipipiri, Nyandarua, mbega walikuwa wamebanwa na mashamba, wakigombana na wakulima kwa sababu ya mazao. Kuanzia 2014, wataalamu wa nyani wakishirikiana na chama na serikali waliwakamata kwa makundi na kuwahamishia Karura, hadi wakapita 100. Mbega hula majani na huishi juu ya miti, kwa hiyo hukaa tu mahali penye miti ya asili ya kutosha. Kuwaona wanaruka kutoka tawi hadi tawi, kilomita chache kutoka katikati ya jiji, ni ripoti ya ukaguzi isiyohitaji mhasibu.

Chama kilichoanzishwa kulinda msitu dhidi ya wanyakuzi binafsi sasa kinajikuta kikibishana na dola yenyewe, na mabishano haya ni magumu zaidi kwa sababu upande wa pili nao unasema "maslahi ya umma". Mwaka 2024 ilijulikana kwamba ekari zipatazo 51 za msitu zilikusudiwa kutumika katika upanuzi wa Barabara ya Kiambu. Anayeijua barabara ile saa kumi na mbili jioni hawezi kusema haihitaji kupanuliwa. Lakini barabara ina pande mbili, na ajabu ni kwamba kila mradi Nairobi hugundua upande wa bei nafuu kuwa ni ule wenye miti. Green Belt ilikwenda mahakamani, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatoa amri ya kusitisha. Ona tofauti na 1998: safari hii hapakuwa na mapanga langoni, palikuwa na wakili, na wenye msitu walikuwa maelfu ya watu wanaojua mti gani uko wapi.

Mwezi Agosti 2025 likaja la pesa. KFS iliagiza kwamba malipo yote ya langoni yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya kidijitali. Serikali ilikuwa na hoja: mapato ya mali ya umma yaonekane kwenye hesabu za umma, mali bila daftari hupotea bila habari. Ni hoja nzuri, na chama chochote kinachoshika pesa za wananchi kinapaswa kuwa tayari kuonyesha daftari lake bila kuombwa mara mbili. Ila chama nacho kiliuliza swali ambalo agizo halikulijibu: pesa zikishaingia Hazina, mlinzi wa Huruma atalipwa na nani tarehe 30? Makubaliano ya usimamizi wa pamoja yalitiwa saini na pande mbili, na upande mmoja hauwezi kuyabadili kwa barua. Suala hilo nalo likafika mahakamani.

Kelele zilizopigwa wiki ile ndizo zilizonishawishi kwamba taasisi hii imefanikiwa mahali ambapo hata waasisi wake hawakukusudia. Waliolalamika hawakuwa wanaharakati. Walikuwa mama aliyemfundisha mwanawe kuendesha baiskeli Karura, mzee aliyeambiwa na daktari atembee, kijana aliyechumbia kando ya maporomoko. Walizungumza kama watu wanaoguswa mfukoni mwao.

Kasoro ya chama ni ile ya tangu siku ya ua. Sauti zinazosikika zaidi ni za Muthaiga, Runda na Gigiri, kwa sababu ndiko kwenye mawakili, mabalozi na namba za simu za wahariri. Huruma inatoa walinzi na vibarua. Sheria ya 2016 iliyorithi ile ya 2005 bado inavitambua vyama hivi kama vyombo vya jamii inayoishi na msitu, na mkutano mkuu ndio mahali pa kulipima neno hilo. Viti vingapi vya kamati vinakaliwa na watu wanaofika langoni kwa miguu? Hilo lina uzito wake siku serikali inaposema kwamba chama ni klabu ya wenye nazo, na serikali imekwisha kuanza kusema. Jibu lenye nguvu kuliko kesi yoyote lingekuwa mwenyekiti kutoka Huruma, anayeijua hesabu ya langoni na aliyewahi kuingia msitu ule usiku, zamani, kutafuta kuni.